Gitaa Jipya la Marehemu

Kaka yangu Wenceslas alianguka Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa tisa na dakika kumi alasiri, katikati ya mazoezi ya kwaya. Sisi tukampigia makofi.

Msitushangae. Kila aliyemjua alijua kwamba wimbo ukikolea yeye hupiga magoti, gitaa kifuani, kichwa nyuma, macho ameyafumba. Siku ile alinyoosha mkono wa kuume asogeze stendi ya mikrofoni, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi juu ya gitaa lake. Akina mama wa sauti ya kwanza wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kando yake na gitaa langu, nikaendelea kupiga. Nilizunguka wimbo mara mbili nzima, peke yangu, nikimngoja anyanyuke.

Mke wake, Laurence, ndiye aliyenyamaza kwanza.

Mlionifuata katika gazeti hili tangu mwanzo mnayajua yaliyofuata, na mliojiunga leo nitawafupishia. Hospitalini walituambia amefika moyo umekwisha kusimama. Tulimzika Giheke, katika shamba la baba. Udongo haujafunika sanduku, mama yetu Bernadette akamnyooshea kidole mtu mmoja mbele ya wote.

"Weye, Mulume! Ulimupa mutoto yangu chupa yenye ilikuwa wazi!"

Mulume ni mpiga gitaa, mtu wa kabila la Washi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Congo, aliyeoa kwetu Kamembe, rafiki wa kaka tangu ujana wao kule. Siku ile alikuja mazoezini na chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa, akampa kaka, wala hakuionja kwanza. Kwetu anayekupa kinywaji huonja mbele yako. Asipoonja, nawe ukafa saa ile ile, nani atamsikiliza daktari?

Tangu hapo Mulume ni mulozi, yaani mchawi. Mke wake, Épiphanie, huuza vitenge sokoni, na wateja hupita mbele yake kama wanaopita mbele ya ukuta. Watoto wake wanakaa benchi lao peke yao shuleni.

Yote hayo nimekwisha kuwaandikia. Lakini kuna jambo moja nimelizunguka majuma yote haya, kama mtu anayefagia pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Leo naliandika.

Mulume hakumuua kaka yangu. Nilimuua mimi.

Asubuhi ya Jumamosi ile kwaya ilipata ampli mpya, yaani mashine ya kukuzia sauti ya gitaa. Mpya kwetu, maana ilikuwa imetumika nchi nyingine kabla ya kutufikia. Plagi yake ilikuwa na meno matatu mapana. Soketi ya kanisa ina matundu mawili ya duara na kijiti kimoja cha chuma kinachotokeza.

"Haiingie," kaka alisema, akiisukuma kwa kiganja.

"Leta hapa, yaya," nilisema, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Dakika mbili tu."

Niliikata plagi ile. Ndani ya kamba mlikuwa na nyaya tatu: wa kahawia, wa buluu, na mmoja wa kijani na manjano. Plagi ndogo niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa na skrubu mbili. Waya wa tatu ukakosa mahali. Nikaukata.

"Na ile unatupa?" kaka aliuliza.

"Iko ya bure, yaya. Haibebe courant."

"Hakuna neno?"

"Hakuna neno. Nani alisomaka umeme, miye ama weye?"

Akacheka. "Haya, Bwana Ingénieur."

Nilisoma umeme miaka mitatu katika shule ya ufundi. Cheti changu kimo ndani ya fremu, ukutani kwa mama. Nilichomwambia kaka kilikuwa kweli: waya ule haubebi courant, yaani umeme. Haubebi kitu mpaka siku mashine inapoharibika ndani. Siku hiyo ndio unaobeba kila kitu, ukiupeleka umeme ardhini usipite mwilini mwa mtu aliyeshika nyuzi kwa mkono mmoja na chuma kingine kwa mwingine. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa mwisho. Nililipata.

Na bado sijawaambia baya zaidi.

Kaka alipokwisha kupelekwa, wakubwa wa kwaya walinizunguka. Mbele yao alikuwa Maman Dative, mwenyekiti wetu.

"Niyonshuti, weye njo fundi. Haikuwa courant?"

Taa za kanisa zilikuwa zinawaka. Hapakuwa na cheche wala moshi. Kila mmoja alikuwa ananitazama mdomoni.

"Nimepima," nilisema. "Courant haina kosa."

Nilikuwa sijapima chochote. Niliikunja kamba, nikaibeba ampli hadi nyumbani, nikaisukuma chini ya kitanda. Nyuma yangu watu walianza kuulizana: kama si umeme, ni nini? Hapo ndipo mtu mmoja akakumbuka chupa.

Sasa sikilizeni adhabu iliyonijia.

Tangu msiba, kwaya huimba na ngoma peke yake. Gitaa halitapigwa mpaka siku ya kuondoa kilio, ya kumaliza matanga, nayo ni Jumapili hii. Lile la kaka, mama alikataza lisiguswe tena, akasema limelaliwa na maiti. Kwa hiyo kwaya ikaamua kutengeneza gitaa jipya kwa jina la Wenceslas. Kamati ikakaa kuchagua mtu wa kulisimamia.

"Nani mwingine?" Maman Dative alisema. "Damu yake. Tena anajua umeme."

Wakapiga makofi. Makofi yale yale.

Kabla hata sijajibu, walikwisha kuanza kulichagua wenyewe.

"Iwe nyeupe," walisema akina mama, ambao majoho yao ya kwaya ni meupe. "Ipatane na robe zetu."

"Iwe ile yenye pembe mbili," walisema vijana wa sauti ya chini.

"Pembe?" Mchungaji aliuliza. "Ndani ya kanisa?"

"Ndogo, Pasta. Kama za mbuzi wa wiki mbili."

"Hata za mbuzi wa siku moja, sitaki."

Ukumbi mzima ukacheka. Laurence naye akacheka, mkono mdomoni, mara ya kwanza tangu Giheke. Mimi nilitazama vidole vyangu.

Jumanne iliyopita, Maman Dative na mimi tukaenda kwa Mzee Ramazani.

Mzee Ramazani ana karakana karibu na soko la Kamembe. Kazi yake ni vitanda na makabati, lakini gitaa ndiyo ugonjwa wake. Huko Bukavu, enzi zile, aliwatengenezea wanamuziki wengi ambao leo wamezeeka au wamekufa. Ni mtu wa swala tano, na hapendi mteja anayekaa kimya.

"Maman Prezida! Umekuja kuagiza kitanda cha bibi harusi?"

"Nikiolewa tena, mzee, nitalala chini. Tumekuja juu ya gitare."

Akatutolea mbao mbili zilizokwisha kukauka, maana Jumapili ilikuwa karibu.

"Hii iko umusave. Nyepesi, muntu anaipiga masaa tatu na bega haimuume. Hii ingine iko libuyu ya Congo. Nzito kidogo, lakini ukiigonga inajibu."

Maman Dative akaigonga kama anayebisha hodi.

"Inajibu nini?"

"Inasema: Maman, karibu ndani."

"We mzee, shika adabu yako." Lakini alikuwa anatabasamu. "Hii. Tunachukua hii."

Tukachagua libuyu. Rangi, tukakubaliana iachwe ya mti wenyewe, ipakwe vanishi tu, akina mama wa robe nyeupe watanisamehe. Pembe tukazikataa. Mzee Ramazani alichora umbo kwa penseli juu ya ubao, kiuno hapa, bega pale, na mahali pa kuegesha mkono alipunguza kidogo.

"Leta mukono," aliniambia.

Nikamnyooshea wa kushoto. Akaupima kwa uzi, kidole kwa kidole, kiganja kwa upana.

"Wenceslas alikuwa na mukono ya muntu wa jembe. Gitare yake ilikuwa na shingo nene. Yako iko mukono ya kuandika barua. Nitaipunguza shingo."

"Usipunguze sana, mzee."

"Nani atakuwa anaipiga, weye ama marehemu?"

Nikaurudisha mkono mfukoni.

"Na uzi wa nne?" aliuliza. "Mnene ama mwembamba?"

Niwaeleze wasiopiga gitaa. Kaka alipiga solo, gitaa linaloongoza. Mimi hupiga mi-solo, gitaa la kati, linalomjibu solo kila anaposema. Sisi tuliolelewa Bukavu, gitaa la mi-solo tunalitoa uzi wa nne ulio mnene, tunaweka mwembamba mahali pake, ili sauti ipande juu na isigombane na ya kaka yake. Kijiwe kidogo kinachoshika nyuzi kule kichwani huchongwa kufuata unene wa uzi. Kikishachongwa, kimechongwa.

Kwa hiyo Mzee Ramazani alikuwa ananiuliza swali moja tu: je, nitaketi katika kiti cha kaka yangu?

"Mnene," Maman Dative alisema upesi. "Solo. Yeye njo atachukua nafasi."

Mzee akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Akakifungua juu ya meza. Zilikuwa mikro mbili za gitaa, zile zinazokaa chini ya nyuzi na kushika sauti yake.

"Hizi Wenceslas alizitafuta mwaka muzima. Unaona? Kila moja iko kama mapacha, migongo imeshikana. Huyu akivuma, mwenzake anafuta ule mvumo. Gitare inabaki kimya mpaka weye mwenyewe useme."

Nilizichukua mkononi. Kaka alikuwa amenieleza habari zake mara mia. Alikuwa akizitaja kama mtu anavyotaja mji anaotaka kuuona kabla hajafa.

"Ziko nzuri," Maman Dative alisema, akinyoosha mkono naye. "Ulizitoa wapi?"

"Kwa Mulume. Wenceslas alimutuma Bukavu. Siku ile alikuwa anamuletea. Zilibaki ndani ya mufuko wake."

Maman Dative aliurudisha mkono, akaufuta kwenye kitenge, mara mbili.

"Za ule muntu?"

"Maman, iko waya na sumaku. Sumu ataiweka mahali gani humu?"

"Mulozi anaiweka hata ndani ya salamu. Unataka kutumalizia kwaya?"

"Ungemuona Mulume vile aliniletea. Alisimama inje, hakuingia. Alisema: mzee, usiseme zimetoka kwangu."

"Na weye umesema."

"Miye sitengenezake gitare kwa uongo."

Maman Dative akanigeukia.

"Niyonshuti, weye wa courant. Sema. Zinaweza kuwa na kitu?"

Mlango ulikuwa wazi. Sikuhitaji hata kukiri. Ilitosha kusema: Maman, hazina kitu, Mulume hana kosa. Maneno machache, mbele ya mtu mmoja na fundi mmoja, mchana kweupe.

"Tuache," nilisema. "Tutafute zingine."

Mzee Ramazani akazifunga tena ndani ya kitambaa, polepole, kona kwa kona.

"Umesema vema," Maman Dative aliniambia mlangoni. "Tena ujue, Jumapili tumemwita. Mulume atasimama mbele ya bantu bote, na mama yenu atamuuliza. Asipojibu vizuri, yeye na bibi yake na batoto, Kamembe imekwisha kwao. Mwenye nyumba wao amekwisha kukubali kuwatoa."

Akaniacha pale, akashika moto, teksi ya pikipiki, kurudi kazini.

Nilitaka kuondoka pia. Mzee Ramazani akanivuta kwa mkono wa shati.

"Kaa. Kunywa chai."

Nikaketi kwenye stuli. Alinimiminia, akajimiminia. Randa ilikuwa juu ya meza, hakuigusa.

"Mutoto yangu," alisema, "kuna kitu nataka kukuuliza, na unijibu kama muntu wa shule. Juma moja mbele ya kufa, Wenceslas aliniletea gitare. Ilikuwa inavuma. Nikachukua waya, nikaulehemu kwenye daraja la nyuzi, nikaupeleka ndani. Mvumo ukaisha. Alifurahi, alinikumbatia hapa, hapa ulipokaa."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa fikiri. Nyuzi zote nilizifunga kwa ule waya. Courant ikitoka kwa ampli, inapanda kwa kamba, inaingia kwa gitare. Njia yake njo ile niliitengeneza miye. Bantu banasema Mulume. Miye kila nikisujudu ninaona ule waya. Mama ya batoto anafikiri niko mgonjwa. Majuma kumi sijalehemu kitu."

Akanisogezea chuma chake cha kulehemu, kimejaa vumbi.

"Weye ulisema ulipima. Ulisema courant haina kosa. Lakini labda ulisema vile juu ya kunionea huruma. Niambie sasa, tuko wawili. Ni miye?"

Nitawaambia lililonipitia kichwani, maana nimeapa kuandika yote. Nilifikiri: mzee huyu hatasema kwa mtu. Ukinyamaza, atalibeba. Amekwisha kulibeba majuma kumi, bado kitambo kidogo tu afe nalo.

Mulume kwanza, sasa fundi. Nami nimeketi kwenye stuli yake, ninakunywa chai yake.

"Waya wako ulikuwa sawa, mzee," nilisema. "Kila gitaa la umeme lina waya ule. Hauui mtu, ikiwa mashine imeshikwa ardhini."

"Haikuwa imeshikwa?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Niliukata waya wa ardhi."

"Ule wa kijani na manjano?"

"Ule."

"Na ukasema umepima."

"Nilisema."

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Alikwenda hadi dirishani, akanipa mgongo, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Sikujua kama analia au anavuta pumzi tu, mtu aliyetuliwa mzigo shingoni.

"Majuma kumi," alisema bila kugeuka. "Kila siku ulipita hapa mbele. Kila siku: salama mzee, salama mutoto yangu."

"Nisamehe, mzee."

"Maliza chai yako. Halafu toka."

Niliimaliza. Ilikuwa moto, ikaniunguza koo, lakini niliimaliza.

"Gitare nitaitengeneza," alisema nilipofika mlangoni, "juu ni ya Wenceslas. Mikro nitatia zile za Mulume. Prezida akikataa, atafute fundi mwingine. Na ile ampli iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Ilete kesho. Nitairudishia waya wake." Akageuka sasa. Macho yalikuwa mekundu. "Uzi wa nne. Sijachonga bado. Mnene ama mwembamba?"

"Muulize Laurence."

Nilimpelekea ampli asubuhi iliyofuata, nikaiacha mlangoni pake. Siku mbili nilikaa ndani. Leo, Ijumaa, nikaenda kwa Laurence.

Njiani nilinunua kilo ya sukari, kama ninavyofanya kila juma tangu mazishi. Nilimkuta uani akichagua maharage kwenye ungo. Mtoto wao, Cyusa, alikuwa shuleni.

"Karibu, shemeji. Leo tena sukari?"

"Nina neno, Mama Cyusa."

"Unalo tangu mwezi wa tatu."

Nikabaki nimesimama. Aliendelea kuchagua, mabovu huku, mazima kule.

"Nimesoma hadithi yako gazetini," alisema. "Kila juma jirani ananiletea. Unaandika vizuri. Umeandika makofi, umeandika mazishi, umeandika mpaka kiatu cha Pasta kilichozama katika tope. Kila kitu umeandika, shemeji, isipokuwa waya."

Ule mfuko wa sukari ulinitoka mkononi.

"Ulijua?"

"Nilikuwepo walipomwosha. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa na mistari. Myeusi, myembamba, kama mtu aliyeshika waya wa jiko. Vidole vinne, mistari minne. Nikajua ni umeme. Niliuliza, nani alibadilisha plagi ya ile ampli? Hakuna aliyejibu. Halafu nikakumbuka nani aliniomba kisu."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile sikuwa na koleo. Laurence alikuwa anakata mikate ya chai ya kwaya, nikamwambia, shemeji niazime kisu kidogo. Akakifuta kwa aproni, akanipa kwa mpini, kwa adabu.

"Kisu kilikuwa changu," alisema. "Hilo ninalala nalo."

"Wewe hukujua."

"Sikujua. Wewe ulijua."

Kuku aliingia kwenye maharage mabovu. Hakumfukuza.

"Mbona hukusema?" nilimwuliza. Swali la mpumbavu. Nililisikia likitoka, nikatamani kulirudisha.

"Nilisema kesho atakuja, atasema mwenyewe. Ukaja, ukaleta sukari. Nikasema labda kesho kutwa. Ukaja, ukaleta sukari. Njoo uone."

Akaniingiza ndani, akafungua kabati. Pakiti zilikuwa zimepangwa kama matofali. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Kumi, na ile uliyoangusha ni ya kumi na moja. Cyusa anakunywa chai isiyo na sukari. Ninamwambia sukari ya baba mdogo inamngoja baba mdogo."

Nilikaa chini, sakafuni, mbele ya kabati.

"Épiphanie alikuja hapa," aliendelea. Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Juma la tatu. Alinipigia magoti uani pale. Alisema, Mama Cyusa, niambie bwana wangu alimkosea nini bwana wako, tuje tuombe msamaha. Unasikia? Aombe msamaha! Nami nilijua, shemeji. Nikamwambia sijui. Niliogopa. Nilisema mama mkwe akijua, atakuwa amepoteza watoto wawili kwa siku moja. Hilo ni kosa langu, nitakwenda kwa Épiphanie kwa miguu yangu. La kwako siwezi kulibeba."

"Nitasema Jumapili. Mbele ya wote. Naapa."

"Jumapili?" Alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Jumapili mama yako atakuwa amesimama mbele ya kanisa, amemshika Mulume kwa maneno, anamlaani mara ya pili. Unataka ajue hapo? Unataka ajue mbele ya vijana wa pembe za mbuzi?"

"Basi kesho. Nitakwenda Nzahaha kwa mama kesho."

"Kesho tena?"

Aligeuka akatazama njia ya stendi, na nikaona kwamba kuna kitu amekwisha kukifanya.

"Nilimpigia simu asubuhi," alisema. "Nikamwambia: mama, Niyonshuti anataka kukuonyesha gitaa jipya la Wenceslas kabla ya watu wengine. Njoo leo."

"Laurence!"

"Alifurahi. Tangu mazishi sijamsikia akifurahi. Alisema: huyo mtoto ananifikiria. Alisema atavaa kitenge cha sherehe."

"Gitaa halina hata nyuzi bado."

"Ninajua. Mzee Ramazani alikuja jana. Aliniuliza juu ya uzi wa nne."

"Ukamwambia nini?"

Alirudi uani kwenye ungo wake, akaniacha na kabati lililo wazi.

Mama yangu ana miaka sabini na miwili. Hajui kusoma. Ndiyo maana nimeweza kuwaambia ninyi kabla yake, na hilo nalo nimeliandika ili lisisahauliwe. Kule Bukavu alituzaa wanne. Wawili walikufa wadogo, kabla hatujarudi upande huu. Wenceslas ni wa tatu kufa; nimebaki mimi.

Nimeketi stendi ya Kamembe, daftari juu ya magoti. Basi la Nzahaha, analokuja nalo mama, linaingia saa nane. Sasa ni saa nane kasoro dakika sita.